Namba za Siku Tisa

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Karani alishuka mtoni na daftari kwapani, penseli nyuma ya sikio. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa darasa la sita siku ile alipochaguliwa kuwa msomaji wa mto, nalo likamganda kama kupe, hata mama yake akaanza kulitumia akiwa na furaha.

Kwenye nguzo ya daraja palipigiliwa ubao mrefu wenye mistari myeupe na myeusi, mfano wa rula ya jitu. Karani alichuchumaa kwenye ngazi ya mwisho, akasubiri viwimbi vitulie, akasoma pale maji yalipogusa ubao. Kisha akaandika tarehe, saa na kimo. Jioni saa kumi na moja alirudia tena. Haikuwa kazi ngumu. Ugumu wake ulikuwa mmoja tu: mto haujui Jumapili wala sikukuu.

Aliyempa kazi hiyo alikuwa mtafiti, mwanamke wa maneno machache aliyevaa viatu vya mpira hata wakati wa kiangazi. Watoto walimwita Daktari wa Mto. Mwezi wake wa kwanza pale, mzee mmoja alimletea goti lililovimba. Mtafiti alilitazama, akatikisa kichwa. "Mimi ni daktari wa mito, baba. Goti lako halina hata samaki." Kijiji kizima kilicheka wiki nzima.

Lakini kazi yake haikuwa ya kuchekesha. Alikuja darasani siku moja akawaeleza wanafunzi kwamba hewa ikizidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Ndiyo maana siku hizi mvua inaweza kuchelewa wiki nyingi, halafu ikamwagika yote kwa siku moja. Tuta la udongo linalokinga kijiji lilijengwa zamani, kwa ajili ya mto wa zamani. Je, litauweza mto wa sasa? Ili kujua, alihitaji vipimo viwili. Kule milimani, mwalimu mstaafu alipima mvua na kumpigia simu. Huku chini, Karani alipima mto.

"Mwalimu ni jicho langu la juu," alimwambia Karani. "Wewe ni jicho langu la chini."

Jumamosi hiyo maji yaligusa mita moja na sentimita hamsini. Karani aliandika. Juu ya kijiji anga lilikuwa safi, lakini upande wa milimani palikuwa peusi kama chungu cha kuni. Saa tatu, alipofika kwenye ofisi ya kijiji kupeleka kipimo, alimkuta mtafiti barazani, simu sikioni, na mwenyekiti amesimama pembeni yake akikunja na kukunjua kofia.

"Milimita mia moja na kumi na nane?" mtafiti alisema kwenye simu. "Rudia tena, mwalimu. Mia moja na kumi na nane, tangu jana jioni hadi alfajiri. Sawa. Asante sana."

Alikata simu, akakaa, akafungua daftari kubwa. Karani alisubiri kando ya ngazi. Alijua mtafiti akihesabu hasemeshwi.

"Mvua kubwa namna hii hatujawahi kuipata tangu nianze kazi hapa," mtafiti alisema hatimaye. "Iliyoikaribia ni ile ya mwezi uliopita, zile siku tisa mfululizo. Siku moja zilinyesha milimita sabini. Huku chini mto ukapanda..." Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa. "Ukapanda sentimita ishirini na mbili tu. Hata mimi nilishangaa. Nilidhani labda ardhi kule juu ilikuwa kavu, ikafyonza maji yote."

Karani alikitazama kidole kile.

"Basi kwa mvua ya jana?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa kipimo hicho, mto utapanda labda sentimita arobaini, tuseme hata sitini. Utafika mita mbili na ushee. Tuta lina mita tatu na ishirini. Maji yatafika hapa kama saa nane mchana, na yatabaki chini sana ya ukingo wa tuta."

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Maana zahanati iko pale pale nyuma ya tuta. Basi nawatangazia watu wakae kwa amani." Akaondoka na kipaza sauti chake mkononi.

Karani alibaki ameshikilia daftari lake kama mtu aliyeshikilia kaa la moto. Zile siku tisa alizijua vizuri kuliko mtu yeyote. Hakupima hata siku moja kati yake.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita shule yao ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya mpira wa pete, na mazoezi yaliwekwa asubuhi na jioni, saa zile zile za mto, kwenye kiwanja cha kilimani. Rafiki yake waliyemwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika, ndiye aliyempa wazo.

"Andika tu chochote," Chiriku alimwambia. "Juzi mto ulikuwa ngapi?"

"Moja na arobaini."

"Andika moja na arobaini na mbili. Kwani mto utakwenda kukusemea kwa nani? Na hapa hata tone la mvua halijadondoka."

Ni kweli, kijijini hakukuwa na mvua. Siku ya kwanza mkono wa Karani ulitoka jasho akiandika. Siku ya pili haukutoka. Kufikia siku ya tano alikuwa akiandika vipimo vya siku mbili kwa mpigo, akipandisha kidogo hapa, akishusha kidogo pale, ili vionekane vya kweli. Hakujua kwamba siku hizo hizo, milimani kulikuwa kunanyesha. Aliporudi mtoni siku ya kumi, maji yalikwisha shuka, naye akaona hakuna kilichoharibika.

Sasa aliyaona yaliyoharibika. Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati, na asubuhi hiyo alikuwa zamu. Kulikuwa na wazazi wawili wenye vichanga na mmoja aliyekuwa ameanza uchungu tangu alfajiri.

Akajiambia, labda tuta litastahimili. Labda namba zangu hazikukosea sana. Aliteremka ngazi za baraza, akapiga hatua kumi kuelekea nyumbani. Kwa mbali alisikia kipaza sauti cha mwenyekiti: "Ndugu wananchi, hakuna hatari. Narudia, hakuna hatari." Akageuka na kurudi mbio.

"Shikamoo," alisema, ingawa walikwisha salimiana.

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Zile namba." Alionyesha daftari kubwa kwa penseli yake. "Zile za siku tisa. Nilizitunga."

Mtafiti hakuelewa mara moja. "Ulizitunga vipi?"

"Sikwenda mtoni. Nilikuwa kwenye mpira. Niliziandika nikiwa nyumbani. Zote." Machozi yakaanza kumtoka. "Mto sijui ulifika wapi. Unaweza kuwa ulipanda sana. Mimi sijui."

Mtafiti hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alitazama ukurasa wa daftari kubwa, kisha akatazama saa yake.

"Saa tatu na dakika arobaini," alisema. "Futa machozi. Utalia baadaye. Sasa nijibu: kuna mtu yeyote aliyekuwa karibu na mto siku zile? Mtu yeyote aliyeona maji yalifika wapi?"

Karani alifikiri hadi kichwa kikamuuma. Akamkumbuka mfyatua matofali. Wiki ile mtu huyo alipita mbele ya nyumba yao akilalamika kwamba mto umemlia matofali yake. Karani alimsikia kwa masikio yake mawili, akainamisha kichwa na kuendelea kufua.

"Mfyatua matofali!" alisema. "Maji yalimharibia kazi. Tanuri lake liko karibu na daraja."

Walikimbia. Mtafiti alichukua njiani, kwa fundi mmoja aliyekuwa akijenga, mpira mwembamba mrefu unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi huujaza maji ili kusawazisha msingi.

Mfyatua matofali alikuwa magotini kwenye udongo, na mikono yake imepakwa tope hadi viwikoni. "Matofali mabichi mia tatu!" alisema alipoulizwa, kana kwamba alikuwa akisubiri kuulizwa mwezi mzima. "Mto ulikuja hapa mchana kweupe, kama mgeni asiyebisha hodi. Ukayalamba yote. Tazameni wenyewe alama yake."

Akawaonyesha ukuta wa tanuri. Karibu na kiuno cha mtu mzima palikuwa na mstari wa tope lililokauka, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Kwa nini hukuniambia?" mtafiti aliuliza.

"Nikuambie wewe, mama, wakati una msichana wako anakuja na daftari kila siku? Nilijua unajua."

Karani alitamani ardhi ipasuke.

Mtafiti alimpa ncha moja ya mpira. "Shikilia hapa. Maji yaliyo ndani ya mpira yawe sawa kabisa na huo mstari wa tope. Maji hayawezi kulala upande. Yakitulia kwako na kwangu yatakuwa kimo kimoja." Yeye akashuka na ncha ya pili hadi kwenye ngazi za daraja, akaisimamisha kando ya ubao.

"Yametulia?" aliita.

"Bado!" Mikono ya Karani ilikuwa ikitetemeka, na maji yakawa yanacheza juu chini. Mfyatua matofali akaweka kiganja chake kizito chini ya mkono wake. "Jikaze, mwanangu. Pumua." Maji yakatulia juu ya mstari.

"Yametulia!"

Kisha sauti ya mtafiti ikapanda kutoka chini ya daraja. "Mita mbili na sentimita sitini na tano."

Alirudi akihesabu kwa sauti. "Ulianza kwenye moja na arobaini. Ulipanda mita moja na robo, kwa milimita sabini tu. Leo ni mia na kumi na nane. Utapanda mita mbili, pengine zaidi. Mita tatu na nusu." Akatazama tuta. Hakuhitaji kumaliza hesabu. Maji yangelivuka tuta.

Ilikuwa saa nne na nusu.

Walimkuta mwenyekiti sokoni, amemaliza kutangaza, anakunywa maji. Alimsikiliza mtafiti, uso ukijikunja.

"Dada, nikuelewe vipi? Saa moja iliyopita umesema wakae. Sasa unasema wahame. Watu wangu siyo kuku wa kufukuzwa huku na huku. Nishike lipi?"

"Shika la sasa. Hesabu ya kwanza ilikuwa na kosa."

"Na hii ya pili nitajuaje haina?"

Watu walikwisha anza kuwazunguka. Mtafiti alifungua mdomo, lakini Karani alimtangulia. Sauti yake ilitoka nyembamba, kisha ikapata nguvu.

"Kosa ni langu, mwenyekiti. Nilidanganya kwenye daftari. Siku tisa sikupima. Lakini kipimo cha sasa tumekipima kwa mikono yetu, kwenye tanuri, na alama ipo. Twende nikuonyeshe. Ila ukienda kuangalia tutapoteza muda, na mama yangu yuko zahanati."

Minong'ono ilipita kama upepo. Mwanamke mmoja alisema, "Hebu msikieni!" Chiriku, aliyekuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, alifumba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti alimkazia macho Karani kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu kama mwaka.

"Mtoto hajitii aibu mbele ya soko zima kwa mchezo," alisema mwishowe. Akainua kipaza sauti.

Kuanzia hapo hapakuwa na nafasi ya kulia. Kaya za nyuma ya tuta zilianza kupanda kuelekea shuleni na magodoro, mbuzi, magunia ya mbegu na redio. Karani alikimbilia zahanati. Mama yake alikuwa ameinama kando ya kitanda, jasho likimtiririka, akimshika mkono yule mwanamke mwenye uchungu.

"Mama, maji yatavuka tuta saa nane. Lazima mhame. Na mama, ni mimi niliye..."

"Nimesikia kipaza sauti. Na la soko limeshanifikia." Mama yake hakugeuka. "Hilo tutaliongea. Sasa beba sanduku la chanjo, mikono miwili, usilitikise. Halafu urudi kwa vitabu vya wagonjwa."

Kitanda cha mzazi hakikupita mlangoni. Mfyatua matofali na wenzake watatu waling'oa mlango wa stoo, wakautandikia godoro, wakamlaza mwanamke na kumwinua taratibu begani. Njiani uchungu ulimzidi, akapiga kelele, na wabebaji wakasimama.

"Msisimame!" mkunga aliwaamuru. "Hayo ni yangu na yake. Ninyi yenu ni miguu tu."

Saa saba na nusu mtu wa mwisho alitoka nyuma ya tuta. Saa nane na robo, watu waliojipanga kwenye ukuta wa shule waliuona mto ukibadilika rangi, ukawa wa kahawia mzito, unabeba matawi na mizizi mizima ya miti. Ulipanda kimya kimya. Hapakuwa na wimbi wala ngurumo. Ulifika ukingo wa tuta, ukasita kama mtu anayefikiri, kisha ukapita juu yake mahali pamoja, halafu pawili, na tuta likakatika. Maji yakaingia zahanati kwa mlango wa mbele na kutokea kwa dirisha la nyuma. Mama mmoja alianza kuhesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa, akarudia mara tatu.

Nyuma yao, kwenye chumba cha darasa la nne, kichanga kililia. Mkunga alitokea mlangoni akijifuta mikono. "Msichana," alisema. "Ana haraka kweli. Ameruka darasa la kwanza, la pili na la tatu." Kwa mara ya kwanza siku hiyo, watu walicheka, na wengine walicheka huku wakilia.

Karani hakucheka. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, ameukumbatia mkoba wa vitabu vya wagonjwa. Watu wote walikuwa wazima. Nyumba kumi na nne zilikuwa ndani ya maji.

Siku tatu baadaye, maji yaliposhuka, mama yake alimshika mkono wakaenda pamoja kwa mtafiti, aliyekuwa akitumia chumba kimoja cha shule. Juu ya meza palikuwa na daftari kubwa, limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Kaa," mtafiti alisema. "Chukua penseli na ufutio. Futa namba zako zote za siku tisa."

Karani alifuta moja moja hadi karatasi ikawa nyeupe.

"Sasa utaandika nini?" mtafiti aliuliza.

"Niandike mbili na sitini na tano?"

"Hiyo ni ya siku moja, na hatujui ni ipi. Nitaiandika pembeni, na nitaeleza tulivyoipata. Kwenye nafasi zako andika: hakikupimwa."

Karani aliandika neno hilo mara kumi na nane, asubuhi na jioni za siku tisa. Alipomaliza aliinua macho. "Si ukurasa umeharibika?"

"Sasa ndiyo umetengenea. Sikiliza, Karani. Ungeniachia nafasi tupu, ningejua kwamba sijui, na Jumamosi ile ningekuwa na hofu ya kutosha. Ningewaambia watu wahame saa tatu hiyo hiyo. Namba yako ndiyo iliyonifanya nijione najua. Katika kazi yetu, asiyejua, lakini akatambua kwamba hajui, huchukua tahadhari. Aliyedanganywa hulala usingizi." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Na mimi nina kosa langu. Namba zilinishangaza, nikatafuta sababu ya kuziamini badala ya kushuka mtoni kuuliza watu. Hilo pia nimeliandika."

Akawaeleza kwamba kikao cha kijiji kilikuwa kimekubali zahanati mpya ijengwe kilimani, karibu na shule, na kwamba kwenye nguzo ya daraja utachorwa mstari mwekundu. Maji yakiufikia, kengele ya shule itagongwa bila kusubiri hesabu ya mtu. Na kuanzia wiki ijayo, ubao utasomwa na watu wawili, kila mmoja akitia saini yake. Chiriku alikuwa amekwisha kuja mwenyewe kuomba kuwa wa pili.

"Kwa hiyo mimi... bado?" Karani aliuliza kwa sauti ndogo.

Mtafiti alimtazama mkunga, kama anayempisha.

Mama yake alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakigusana. "Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyaficha mwezi mzima, na yalikaribia kutuumbua sote. Siwezi kukuambia ni jambo dogo. Lakini ulipoona linakwenda kuua watu, ulilitoa mwenyewe, sokoni, mbele ya kila mtu, ukijua watakavyokutazama. Hilo nalo siwezi kukuambia ni dogo. Ukikosea, sema mapema. Aibu ya kusema ukweli ni ya siku moja. Madhara ya kuuficha hayana mwisho, na mara nyingi humfika asiyekuwa na kosa. Watu watachukua muda kukuamini, na wana haki hiyo. Uaminifu haurudi kwa machozi. Unarudi kidogo kidogo, kwa kila siku utakayofanya kazi yako wakati hakuna anayekutazama."

Karani aliitikia kwa kichwa. Mtafiti akamsogezea daftari jipya, ambalo ukurasa wake wa kwanza haukuwa na kitu.